Maswali ya Wasomaji: Fungate Milimani, Tule Wapi?

Barua za fungate zimejaa mezani, na safari hii nyingi zinaelekea milimani. Karibu zote zinauliza ni mgahawa upi wenye chakula kizuri. Kwetu hilo ni swali la mwisho. Milimani mgahawa huchaguliwa kwanza kwa barabara, kwa saa na kwa kimo, ndipo zamu ya mpishi ifike. Tumechagua barua nane na kuzifupisha.

Tumepata orodha ya migahawa zaidi ya ishirini katika eneo tutakalokwenda, na yote ina picha nzuri na sifa kemkem. Tutalala huko siku tano. Tuchague vipi bila kumaliza fungate tukitazama simu?
*Maharusi wa mwezi ujao*

Fungueni ramani kabla ya menyu. Wekeni alama pale mtakapolala, kisha pimeni kila mgahawa kwa dakika za barabarani na msihangaike na kilomita. Kilomita nane za kona kali zinaweza kula nusu saa, na programu za ramani hukadiria muda kana kwamba barabara ni kavu, ni mchana, na dereva ni mwenyeji. Kwa safari ya usiku ongezeni nusu ya makadirio hayo: dakika ishirini zihesabuni thelathini. Mgahawa unaozidi nusu saa baada ya hesabu hiyo utoeni kwenye orodha ya chakula cha jioni. Ishirini yenu itabaki mitano au sita papo hapo.

Mingi kati ya iliyotoka itakuwa ile yenye mandhari, iliyojengwa juu kabisa ukingoni. Msiitupe, ihamishieni mchana. Usiku dirisha la mandhari huwa kioo cheusi kinachowarudishia nyuso zenu na taa ya mezani, na bei ya mandhari mtailipa vilevile. Tena bondeni jua hupotea mapema kuliko saa inayotajwa kwenye simu. Simu huhesabu kana kwamba upeo wa macho ni tambarare, ilhali nyinyi mna ukuta wa mlima upande wa magharibi. Tofauti ya saa nzima au zaidi si ajabu. Katika msimu wa joto mawingu nayo hupenda kujikusanya mlimani kuanzia adhuhuri. Kwa hiyo meza ya mandhari ni ya saa tano na nusu hadi saa saba mchana. Machweo yafaa tu ikiwa mgahawa umekaa kwenye mgongo wa mlima ulio wazi upande wa magharibi. Pigeni simu muulize: “Jua linaondoka saa ngapi kwenye baraza yenu wiki hiyo?” Mhudumu wa pale anajua jibu bila kufikiri.

Kwa siku tano hifadhini meza tatu tu. Usiku wa kwanza kuleni mnapolala, kwa kuwa mtafika mmechoka na harusi, mmechoka na kona, na pengine mmechelewa. Siku ya pili au ya nne iwe ya mchana wa mandhari, mkichagua asubuhi ile ile kulingana na hali ya hewa ikiwa mgahawa unaruhusu. Jioni ya tatu ndiyo ya karamu yenu kubwa. Jioni moja zaidi iwe ya mgahawa mdogo mnaoweza kuufikia kwa miguu. Zilizobaki ziacheni wazi; mtashukuru. Usiku wa mwisho usiwekeeni menyu ya vionjo, yaani sahani ndogo ndogo nyingi zinazoletwa moja baada ya nyingine, inayochukua saa tatu au nne ikiwa alfajiri mnateremka.

Sasa ndipo msome maoni ya wateja, na msome kwa ubahili. Chukueni yaliyoandikwa katika mwezi kama wenu, kwa sababu mgahawa wa mlimani wa msimu wa wageni na ule wa msimu mkavu wa biashara unaweza kuwa na wapishi tofauti kabisa. Nyota ziacheni, tafuteni maneno: “baridi”, “tulisubiri”, “maegesho”, “moshi”. Tazameni picha zilizopigwa na wateja usiku, si zile za mgahawa wenyewe. Kisha hesabuni vyakula kwenye menyu. Mgahawa ulio mbali, wenye meza kumi na tano na menyu ya vyakula sitini, unaishi kwa friza. Menyu fupi ya vyakula vinane au kumi inayobadilika ni dalili njema. Samaki wa baharini aliyegandishwa vizuri hana ubaya, ila mkiambiwa kuwa ni mbichi wa leo, ulizeni gari lake lilipanda saa ngapi.

Kuhusu nyota za vitabu vya mwongozo: Mwongozo wa Michelin ulianza mwaka 1900 huko Ufaransa, kijitabu cha bure kutoka kwa watengenezaji wa matairi kwenda kwa wenye magari. Mpaka leo nyota mbili humaanisha mgahawa unaostahili kuacha njia yako, na tatu humaanisha mgahawa unaostahili safari maalumu. Muuza matairi ana faida akiwapindisha njia. Nyinyi mlio fungate na kona thelathini mbele yenu pimeni wenyewe.

Yakibaki majina manne, pigeni simu. Maswali yanatosha manne: mzigo wa vyakula hufika siku gani, mgahawa hufungwa siku zipi, jiko hupokea oda ya mwisho saa ngapi, na barabara ya kufika ikoje kwa gari la kawaida. Swali la jiko ndilo linalowaponza wengi. Tangazo husema wanafunga saa nne usiku, kumbe mpishi amezima moto saa mbili na nusu. Na kama safari yenu iko kati ya misimu miwili, mathalani theluji imekwisha lakini wapanda milima hawajaanza kuja, hakikisheni kabla ya kulipia chumba kwamba kuna mgahawa wowote uliofunguliwa. Wenye migahawa ya milimani nao huchukua likizo, na huichukua kwa pamoja.

Nataka kuhifadhi meza ya dirishani kwa jioni yetu kubwa na kumshangaza mke wangu. Niseme nini nikipiga simu, na nilipe kabla?
*Bwana harusi mpangaji*

Piga wiki nne hadi sita kabla, na kwa mgahawa wenye jina kubwa katika msimu wa wageni, mapema zaidi. Sema ni fungate, kisha useme unataka nini na hutaki nini. Usiposema, unaweza kuletewa wahudumu sita wakiimba na keki yenye fataki mbele ya ukumbi mzima, na mkeo akatamani kuingia chini ya meza.

Dirisha lenyewe lifikirie upya kama ni msimu wa baridi. Kioo kikubwa hupoza hewa iliyo karibu nacho, hewa hiyo nzito hushuka hadi sakafuni, na anayekaa hapo huhisi upepo miguuni ingawa dirisha limefungwa. Uliza kama vioo ni vya tabaka mbili. Kama ni tabaka moja, omba meza ya safu ya pili inayotazama dirisha. Upande wa moto nako kuna mtego wake: meza iliyo chini ya mita mbili kutoka kwenye meko itamchoma mmoja shavu na kumwachia mwingine ubaridi. Bora ni kona yenye ukuta mgongoni, mbali na mlango wa kuingilia, mlango wa jikoni na njia ya chooni. Omba pia mkae kwa pembe, mmoja ubavuni mwa mwenzake. Mkipewa meza ya watu wanne na kukaa ng'ambo na ng'ambo, mtazungumza kwa kupaza sauti.

Kama umeahidiwa meza ya nje, kumbuka hesabu hii: joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mgahawa ulio mita 800 juu ya hoteli yenu utakuwa na baridi zaidi kwa nyuzi tano hivi, kabla upepo haujahesabiwa. Vipasha joto vya juu hupasha vichwa na kusahau miguu. Blanketi la magotini ndilo linalookoa jioni.

Hapa tuwe wakali kidogo. Siku hizi kuna hema, vibanda na makuba ya kioo ya chakula cha faragha, na baadhi huwekewa jiko la mkaa ndani ili kupendezesha. Mkaa unaowaka ndani ya nafasi iliyofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo milimani mtu huzisingizia kimo au divai. Kubali kipasha joto cha umeme, au jiko lenye bomba la moshi linalotoka nje. Mkaa wa wazi ukatae, hata kama mlango umeachwa nusu.

Kuhusu malipo, arubuni si jambo baya; mgahawa wa mbali ukipoteza meza ya jioni haumpati mteja mwingine barabarani. Lakini omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, saa, idadi ya watu, meza mliyokubaliana na kiasi ulicholipa. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: barabara ikifungwa kwa theluji au maporomoko, fedha inarudi, inahamia siku nyingine, au imekwenda? Jibu nalo liwe kwenye maandishi. Thibitisha tena saa 48 kabla, na tena asubuhi ya siku yenyewe.

Hoteli yetu iko mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Mchumba wangu tayari ameweka oda ya menyu ya vionjo saba usiku wa kwanza, pamoja na shampeni. Rafiki yangu anasema nitashindwa kula. Ni kweli?
*Bibi harusi mwenye wasiwasi*

Yawezekana sana. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kwa watu wengi wanapolala juu ya mita 2,500, hasa wakifika kwa gari au ndege siku moja kutoka chini. Dalili huja saa 6 hadi 12 baada ya kufika: kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu. Kwa maneno mengine, huja saa ile ile mhudumu anapoleta kionjo cha tatu. Afya na ujana havikingi. Kijana mwenye mazoezi hupatwa sawa na mwingine.

Hamisheni oda hadi usiku wa tatu. Wakati huo miili mingi imekwisha kuzoea kimo cha namna hiyo. Usiku wa kwanza na wa pili chagueni supu, kitu cha wanga na sahani ndogo, mle mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala. Hewa ya juu ni kavu na mnapumua haraka, hivyo maji hupotea bila jasho kuonekana. Kunyweni kila mnapohisi kiu, lakini msijilazimishe lita kwa lita. Pombe iacheni kwa saa 48 za mwanzo, na dawa za usingizi vilevile, kwa kuwa hupunguza kupumua usiku, wakati mwili unahitaji kinyume chake. Maharage, kabichi na vinywaji vya gesi navyo vitawasumbua. Mgandamizo wa hewa ukipungua, gesi iliyo tumboni hutanuka, na chumba cha fungate ni kimoja.

Kama daktari amewaandikia asetazolamaidi ya kuzuia ugonjwa huo, jueni jambo dogo linaloharibu karamu: dawa hiyo hufanya vinywaji vyenye gesi vionekane chapwa mdomoni, na ladha yake huwa ya ajabu. Shampeni yenu nzuri mtaidhania imeharibika. Iahirisheni hadi dawa imalizike.

Dalili zikizidi badala ya kupungua, msipande tena. Mtu akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi tu, ni dharura: teremkeni mara moja, hata kama ni usiku, na mtafute matibabu.

Kwa nini wali na maharage ya milimani huwa na kiini kigumu, na chai haikolei? Ni uvivu wa wapishi?
*Mpenda chai*

Mpishi umemwonea. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwenye joto la chini zaidi, takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Kwenye mita 1,500 huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na kwenye mita 3,000 kwa nyuzi 90. Kuongeza moto hakusaidii, maji hukauka tu. Juu ya mita 2,000 agizeni vilivyookwa, vilivyochomwa au vilivyokaangwa, kwa maana tanuri na mafuta havifungwi na kiwango hicho. Vya kuchemsha ulizeni kama vimepikwa kwa sufuria ya presha. Chai iachwe ndani ya birika lililofunikwa dakika mbili zaidi, na maji yamiminwe yakiwa yanatokota; maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai yamekwisha poa chini ya kile kiwango kidogo kilichokuwapo.

Keki ya fungate msiibebe kutoka chini kama unga wa kuja kuoka huko, wala msimpe mwokaji wa mlimani mapishi ya nyumbani. Gesi ya hamira hutanuka zaidi kwenye kimo, keki huumuka haraka kisha hudidimia katikati. Mwokaji wa huko ana vipimo vyake alivyokwisha kuvipunguza, mwachieni.

Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano. Migahawa ya milimani tuliyoiona inajisifu kwa jibini la maziwa mabichi, samaki wa moshi na nyama ya mawindo. Tule nini?
*Baba mtarajiwa*

Mambo matatu uliyoyataja ndiyo hasa ya kuulizia. Jibini laini la maziwa yasiyochemshwa, na lile lenye ganda la kunata au ukungu wa buluu, linaweza kubeba listeria, bakteria anayeendelea kuongezeka hata ndani ya jokofu na anayeweza kumdhuru mtoto tumboni wakati mama anahisi homa ndogo tu. Jibini gumu lililokomaa kwa miezi mingi lina hatari ndogo zaidi, kwa sababu maji yake ni machache. Sahani ya jibini iliyookwa mpaka inafuka mvuke hadi katikati inakubalika. Iliyopashwa juu tu haikubaliki.

Samaki aliyekaushwa kwa moshi wa baridi ni mbichi kwa mtazamo wa bakteria. Ale aliyepikwa. Nyama zilizotiwa chumvi na kuanikwa bila kupikwa zipite pia. Nyama ya mawindo ina mashaka mawili: ikiwa haijaiva inaweza kuwa na vimelea, na ikiwa mnyama alipigwa kwa risasi za madini ya risasi, chembe ndogo hubaki ndani ya nyama, ambazo moto hauziondoi. Kwa mwaka huu ale nyama ya kufugwa iliyoiva vizuri. Maini aache, kwa wingi wa vitamini A. Uyoga wa porini tungeuacha hata asingekuwa mjamzito, isipokuwa mgahawa unanunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Kahawa isizidi vikombe viwili vidogo kwa siku.

Kabla ya yote hayo, mwulizeni mkunga au daktari wake kuhusu kimo mtakacholala, hasa kikizidi mita 2,500, na umbali wa hospitali.

Nina mzio mkali wa njugu. Wahudumu husema “hakuna shida” kabla sijamaliza sentensi. Nifanyeje ugenini?
*Msomaji wa Kudumu*

“Hakuna shida” isiyofuatiwa na safari ya kwenda jikoni si jibu. Andikisha kadi kwa lugha ya mahali hapo, iliyohakikiwa na mzungumzaji wake, yenye sentensi tatu: nina mzio wa njugu za aina zifuatazo, hata kiasi kidogo kinaweza kuniua, tafadhali tumieni kikaango, mafuta, kisu na ubao safi. Chapa nakala kadhaa, maana kadi inatakiwa iende jikoni na haitarudi.

Piga simu siku mbili kabla, uende saa jikoni kumetulia, yaani mara tu mgahawa unapofungua. Epuka meza ya kujihudumia, kwa kuwa vijiko huhama kutoka sahani hii kwenda ile. Epuka kitindamlo: migahawa mingi ya mbali hukiagiza kikiwa tayari, na hakuna aliyepo anayejua kilichomo. Agiza kitu kilichochomwa bila mchuzi, na matunda yaliyomenywa mbele yako au na wewe mwenyewe.

Beba sindano mbili za adrenalini, mwilini mwako. Zikiachwa garini usiku zinaweza kuganda, na mchana zikapata joto kupita kiasi. Mwenzako ajifunze kuitumia kabla ya safari, na ajue ya pili hutolewa baada ya dakika 5 hivi ikiwa hali haijabadilika. Baada ya sindano ya kwanza ulale chali miguu ikiwa juu, au ukae ukiwa unapata shida ya kupumua. Usisimame na kutembea kwenda garini. Msaada uitwe hata ukijisikia nafuu, kwani shambulio linaweza kurudi. Na kama hospitali iliyo karibu ni zaidi ya saa moja, jioni hiyo kula chakula chenye viambato unavyoweza kuvihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sisi hatunywi pombe kabisa, na menyu za migahawa mikubwa zimejaa michuzi ya divai. Tunaambiwa pombe yote huyeyuka jikoni.
*Wawili wasiokunywa*

Haiyeyuki yote. Kwa vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemka polepole na pombe kwa dakika 15 hubaki na takriban asilimia 40 ya pombe iliyotiwa, saa moja asilimia 25, na saa mbili na nusu asilimia 5. Kile kinachowashwa moto mezani kwa mbwembwe hubaki na takriban asilimia 75. Kwa hiyo uliza viambato vya mchuzi, supu na kitindamlo. Keki nyingi hulowekwa kwa pombe bila menyu kusema. Jiko linalopika michuzi yake lenyewe, likiarifiwa siku mbili kabla, litawapikia mchuzi wa kwenu kwa supu ya mifupa badala ya divai. Linaloshindwa pengine huupata ukiwa tayari kwenye mfuko. Kwenye menyu ya vionjo omba pia vinywaji visivyo na pombe vinavyoendana na kila sahani, na uulize bei yake kabla, maana wakati mwingine hulingana na ya divai.

Hoteli inatupa bei mbili: chumba na kifungua kinywa tu, au pamoja na chakula cha jioni kila siku. Na mgahawa tunaoutaka sana uko kileleni, unafikiwa kwa gari la kebo. Tuchukue lipi?
*Wahasibu wawili*

Toeni bei moja kwenye nyingine, mgawanye kwa mbili: hiyo ndiyo bei ya mlo wa jioni kwa kila mmoja. Ilinganisheni na chakula kikuu na kianzio katika migahawa miwili ya karibu, mkiongeza usafiri wa kwenda na kurudi. Kisha ulizeni yale ambayo hesabu haionyeshi: ni chakula cha kujihudumia au cha kuletewa, menyu inajirudia baada ya siku ngapi, maji na vinywaji vimo au havimo, na je, mnaweza kubadilisha mlo wa jioni kwa kifurushi cha chakula cha mchana mkienda matembezi. Baadhi ya hoteli hukubali mlipie jioni tatu kati ya tano. Hilo ndilo chaguo letu, kwa sababu mwenye kulipia zote tano huona uchungu kutoka, na mgahawa mzuri ulio dakika kumi kwa miguu anaupita akiutazama.

Kuhusu kileleni, jambo la kwanza ni saa ya gari la mwisho kuteremka, kwa siku mnayokwenda, kwani ratiba ya katikati ya wiki na ya mwishoni mwa wiki mara nyingi hutofautiana. Pangeni kuteremka na linalotangulia la mwisho. Ulizeni pia upepo ukisimamisha kebo mkiwa juu, mgahawa huwateremshaje wateja: kuna barabara, kuna malazi, au mnangoja tu? Chukueni makoti hata kama chini kuna joto. Mkiteremka kwa gari lenu wenyewe, anayeendesha asinywe, atumie gia ndogo ili injini ilishikilie gari, na akisikia harufu ya breki kuungua asimame mahali salama zipoe. Bili iombeni pamoja na kitindamlo, na koti lisikose fedha taslimu za kutosha mlo mzima, kwa sababu mashine ya kadi ya huko juu hutegemea mtandao unaoweza kupotea wingu likishuka.